Kutoka Porini hadi Kariakoo: Ukuaji wa Kiroho wa Daktari na Namna Tunavyousimulia

Miongoni mwa maandishi ambayo Kanisa la Afrika Mashariki limeyarithi kutoka enzi za misheni, masimulizi ya maisha ya daktari yana mahali pa pekee. Mwenendo wake wafahamika. Kijana msomi anaondoka kwao akiwa na elimu nyingi na imani ya kurithi, anakutana na kifo mahali ambapo hakuna wa kumwuliza, anaomba, anapasua, mgonjwa anapona, au anakufa mikononi mwake, na baada ya miaka mingi daktari yule anakuwa mtu mnyenyekevu, mwenye imani iliyopita motoni. Masimulizi ya namna hiyo yalisomwa Ulaya ili kuchangisha fedha na kuamsha wito. Nasi tumeyapokea, tukayaingiza katika mahubiri yetu, hasa tunapofundisha juu ya diakonia, na mara nyingi tumeyapokea bila kuyahoji.

Katika makala haya tunakusudia kuyahoji. Swali letu ni hili: katika masimulizi hayo ni nani anayekua, na anakua kwa gharama ya nani? Tutalichunguza kwa kuvitazama vitabu viwili vya daktari mmoja aliyeitumikia nchi hii kwa muda mrefu, Leader Stirling, kisha tutalipeleka swali hilo Kariakoo, Dar es Salaam. Tumeichagua Kariakoo kwa sababu wanafunzi wetu wengi watatumwa mijini, na madaktari watakaoketi mbele yao siku ya Jumapili ni wale wanaofanya kazi katika hospitali zenye msongamano na zahanati za ghorofani. Tena, Kariakoo ni mahali ambapo picha ya daktari mpweke haiwezi kusimama. Hakuna aliye peke yake Kariakoo, hata akitaka.

Stirling alizaliwa Uingereza mwaka 1906, akasomea udaktari London, na mwaka 1935 akafika Tanganyika chini ya UMCA, misheni ya Kianglikana, akapangiwa Lulindi katika nchi ya Masasi. Huko alikuwa daktari wa upasuaji katika hospitali ya majengo ya udongo na nyasi, huku akiwafundisha wauguzi. Mwaka 1949 alijiunga na Kanisa Katoliki, akahamia Mnero kwa Wabenediktini. Baadaye, katika miaka ya 1960, akafanya kazi Kibosho, Kilimanjaro. Wakati huohuo alikuwa ameingia katika siasa. Mwaka 1958 alichaguliwa kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria akiungwa mkono na TANU. Akawa raia wa nchi hii, akawa Skauti Mkuu, na katika miaka ya 1970 akawa Waziri wa Afya. Alifariki mwaka 2003, akiwa amepita umri wa miaka 90.

Kitabu chake cha kwanza kilitolewa mwaka 1947, kikiitwa Bush Doctor, yaani daktari wa porini. Miaka thelathini baadaye, mwaka 1977, akatoa kingine, akakiita Tanzanian Doctor, daktari Mtanzania. Kwa maoni yetu, mtu anayetaka kujua habari za ukuaji wa kiroho wa Stirling asianze na sura za upasuaji wa usiku kwa taa ya mafuta, ingawa hizo ndizo zinazonukuliwa zaidi. Aanze na majina haya mawili.

Pori ni neno la mtu aliye mbali. Wenyeji wa Lulindi hawakai porini. Wanakaa Lulindi, wana mashamba, makaburi ya wazee wao na njia zenye majina. Jina la kitabu cha kwanza linawaelekea wasomaji wa Uingereza na kuwaambia: nipo huku, mbali, katika nchi isiyo na jina kwenu. Wagonjwa wako upande wa pili wa neno hilo, pamoja na miti. Jina la kitabu cha pili halimtambulishi daktari kwa mandhari. Linamtambulisha kwa watu. Neno "sisi" limehama, na aliyelihamisha ni mtu aliyekuwa na sababu zote za kuliacha lilipokuwa.

Hili si jambo dogo katika theolojia. Tumezoea kuupima ukuaji wa kiroho kwa yale yanayotokea ndani ya moyo: amani, unyenyekevu, nguvu ya kuomba. Majina haya mawili yanatupa kipimo kingine, nacho kinaonekana kwa macho: mtu ni wa nani? Anaposema "sisi", ni nani wanaohesabiwa? Wasomaji wetu watakumbuka kwamba Paulo anapomtaja Luka katika Wakolosai 4:14 kama tabibu, anamtaja pia kama mpendwa, yaani mtu wa kwao. Hasemi lolote juu ya wangapi aliowaponya.

Hata hivyo tusimsifu Stirling kwa haraka. Neno "Mtanzania" katika jina la kitabu laweza kuwa ungamo la imani, laweza pia kuwa habari ya pasipoti tu. Tena, vitabu vyote viwili viliandikwa kwa Kiingereza, na katika vyote viwili mwenye kalamu ni daktari. Muuguzi wa Lulindi aliyesimama akishika taa usiku ule hakuandika kitabu. Mwanamke aliyepasuliwa hakuandika. Huenda usiku huohuo wao nao walikua, au waliumia, au walikuwa na sala zao ambazo daktari hakuzisikia. Sisi hatuna njia ya kujua. Huo ndio upungufu wa aina hii ya maandishi yote, wala si wa Stirling peke yake: mgonjwa anaingia katika masimulizi akiwa na jeraha na anatoka akiwa somo.

Albert Schweitzer anatupa mfano ulio wazi zaidi, naye ni wa nyumba yetu, mwana wa mchungaji wa Kilutheri wa Alsace. Aliacha kiti chake cha theolojia akaenda Lambarene, Gabon, mwaka 1913, akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 1952, na hakuna seminari isiyolijua jina lake. Lakini huyo aliyetufundisha kuheshimu uhai wote ndiye aliyepata kuandika kwamba yeye ni ndugu wa Mwafrika, lakini ndugu mkubwa. Moyo wake ulipanuka hata ukawaingiza wadudu na viboko wa mto Ogowe, huku mpaka wa "sisi" ukibaki na ngazi ndani yake. Twaweza basi kusema kwamba inawezekana mtu akue sana ndani bila kuhama hata hatua moja.

Katika mjadala wa Heidelberg wa mwaka 1518 Luther alitenganisha theolojia ya utukufu na theolojia ya msalaba. Tunafundisha jambo hilo kila mwaka, wanafunzi hulijibu vizuri katika mitihani, kisha tunapanda mimbarani na kuhubiri habari za daktari kwa theolojia ya utukufu. Tunahesabu waliopona. Tunapima imani ya tabibu kwa ukubwa wa hatari aliyoipita. Hata kushindwa kwake tunakupa thamani kwa sababu tu kulimwandaa kwa ushindi uliofuata. Mgonjwa aliyekufa sura ya tatu anakuwa ngazi ya kumfikisha daktari sura ya kumi.

Kuna aina ya pili ya masimulizi, inayosikika zaidi siku hizi katika mikutano ya Injili na hata katika ibada zetu za kawaida: mgonjwa alipelekwa hospitali, madaktari wakakata tamaa, ndipo Bwana akatenda. Aina ya kwanza inamkweza daktari na hii ya pili inamshusha, lakini zote mbili zinamtumia tu. Hatukatai uponyaji, Kanisa lisiloombea wagonjwa limeacha sehemu ya kazi yake. Tunachosema ni kwamba daktari na muuguzi wapo pale kwenye benchi la tatu, wametoka zamu ya usiku, na wanaambiwa kuwa Mungu huanza kazi pale wao wanapoondoka. Mwaka 2011 maelfu ya watu walipofurika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu wa kanisa letu, Ambilikile Mwasapile, wapo walioacha dawa zao nyumbani. Mengi yameandikwa juu ya Babu na juu ya wagonjwa. Ni machache mno yaliyoandikwa juu ya madaktari Wakristo waliobaki wodini wakiwangoja wagonjwa wao warudi, na jinsi imani yao ilivyokaa katika majuma yale.

Tunayo maandishi mengine katika urithi wetu ambayo yangeweza kutusaidia, nayo hayasomwi inavyostahili. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Chuo kikuu kilihamishiwa Jena kwa muda. Luther akabaki pamoja na Bugenhagen, na nyumba yake ikawa kama wodi. Miezi michache kabla ya hapo yeye mwenyewe alikuwa ameugua sana na kupatwa na majaribu mazito ya rohoni. Wachungaji wa Breslau walikuwa wamemwuliza, kwa njia ya Johann Hess, kama inampasa Mkristo kukimbia kifo cha tauni. Jibu lake ni waraka mfupi wa kushangaza.

Kinachoshangaza ni yale asiyoyasema. Hasemi kwamba anayebaki atakua kiroho. Hamwahidi mhudumu imani iliyosafishwa. Anauliza swali kavu la wajibu: ni nani anayekutegemea? Mchungaji abaki, kwa kuwa wanaokufa wanahitaji Neno. Mtawala abaki, kwa kuwa mji bila utawala utaangamia. Jirani asimwache jirani, mtumishi asimwache bwana wake, wala bwana mtumishi wake. Lakini ikiwa wapo wengine wa kutosha wa kuwahudumia wagonjwa, aliye dhaifu aende zake, wala asihukumiwe. Anasema dawa zitumike, nyumba zifukizwe, na mtu asiende mahali penye maambukizo asipohitajika, kwa maana huko ni kumjaribu Mungu. Anatamani miji iwe na hospitali, ili kila mwananchi asilazimike kuifanya nyumba yake kuwa hospitali. Na kwa aliyeitwa kitandani pa mgonjwa anaelekeza kwenye Mathayo 25: Kristo mwenyewe ndiye aliyelala pale. Ikiwa ni hivyo, basi mgonjwa hawezi kuwa ngazi ya mtu yeyote.

Sasa twende Kariakoo, tukianza na jina lake. Baada ya Waingereza kuiteka Dar es Salaam mwaka 1916, eneo hilo lilikuwa kambi ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, na midomo ya watu ikalifanya jina hilo kuwa Kariakoo. Wapagazi wa vita ile walikufa kwa maelfu mengi, na zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Daktari mmoja wa jeshi la Uingereza aliyetembea katika vita hiyo, Francis Brett Young, aliandika kitabu kilichochapwa mwaka 1917, Marching on Tanga, na baadaye akawa mwandishi maarufu wa riwaya. Mpagazi hakuacha kitabu. Ameacha jina la mtaa, na kila siku watu wanalitaja wakienda kununua vitenge na vipuri.

Daktari wa Kariakoo wa leo anaishi kati ya sheria mbili. Mwaka 1977, mwaka uleule wa kitabu cha pili cha Stirling na yeye akiwa Waziri wa Afya, ilipitishwa sheria iliyokataza utabibu wa kibinafsi wa kutafuta faida. Hospitali za mashirika ya dini zisizotafuta faida ziliruhusiwa kuendelea. Mtu aliyejifunza kwa zaidi ya miaka thelathini katika hospitali za misheni kwamba ugonjwa si bidhaa alikuwa sasa katika wizara iliyolisema jambo hilo kwa sheria. Nia ilikuwa njema. Lakini miaka ya 1980 ilipoleta uhaba wa dawa na mishahara isiyotosha, nia haikujaza kabati la dawa. Mwaka 1991 sheria ilirekebishwa, na mwaka 1993 wagonjwa wakaanza kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Tangu hapo zahanati, maabara na maduka ya dawa yameijaza mitaa ya Kariakoo, baadhi juu ya maduka ya nguo, ngazi zake zikipishanisha mgonjwa na mchukuzi mwenye robota begani.

Hapo ndipo tunapomkuta kijana wetu aliyehitimu. Mchana yupo hospitali ya umma, ambako wagonjwa ni wengi kuliko vitanda. Jioni anapanda ngazi za zahanati binafsi ili apate ada ya shule ya wadogo zake. Mgonjwa yuleyule aliyemwona asubuhi kwa dakika tatu anaweza kumwona jioni kwa nusu saa, kwa malipo. Masimulizi ya porini hayana sura ya jambo hili. Daktari wa porini alijaribiwa na upweke, na huyu anajaribiwa na daftari la mapato. Tukimhubiria Lambarene atatusikiliza kwa heshima, kisha ataenda zake akijiona kuwa daktari wa daraja la pili mbele za Mungu.

Tungependekeza tumsomee Luka 10 kwa uangalifu zaidi ya tulivyozoea. Tumezoea kumfanya daktari kuwa Msamaria. Lakini Msamaria aliosha majeraha, akalala usiku mmoja, kesho yake akaendelea na safari. Aliyebaki na mgonjwa ni mwenye nyumba ya wageni, na huyo alilipwa. Mwinjili ambaye mapokeo yanamwita tabibu hakuona haya kuandika habari za dinari mbili katikati ya mfano wa huruma. Malipo basi hayamtoi mtu katika kazi ya rehema. Linaloleta uzito ni ahadi ya Msamaria ya kulipa kila kitakachozidi atakaporudi. Yupo mtu aliyesimama dhamana, hata mwenye nyumba asilazimike kuchagua kati ya kumtunza mgonjwa na kufunga mlango wake. Kariakoo, ni nani aliyesimama dhamana? Sharika nyingi za mjini zina kwaya tatu na mfuko wa jengo. Mfuko wa diakonia, pale ulipo, ndio unaokopwa kwanza.

Mambo mawili yaliyotokea jijini yanatuonyesha kazi hii inapofika ukingoni. Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo lililokuwa likijengwa katikati ya jiji, si mbali na Kariakoo, lilianguka na watu 36 wakafa. Na Jumamosi asubuhi, tarehe 16 Novemba 2024, ghorofa moja liliporomoka Kariakoo penyewe, wakati maduka yamekwisha kufunguliwa. Zaidi ya watu 20 walikufa, na zaidi ya 80 wakaokolewa. Waliofika kwanza kwenye kifusi hawakuwa na vifaa: wafanyabiashara, machinga, wachukuzi, wakitumia mikono na nyundo. Watu walionaswa chini walisikika wakizungumza, nao wakapelekewa hewa ya oksijeni, maji na glukosi wakiwa bado ndani ya kifusi.

Tunaomba wasomaji watue hapo kidogo. Elimu yote ya tiba, miaka ya masomo, vyumba vya upasuaji vya Muhimbili vilivyo mwendo mfupi kutoka hapo, vyote vilikuwa vimepunguzwa hata vikawa maji yanayopitishwa katika ufa. Daktari hakuweza kumshika mgonjwa wake wala kumwona uso. Alimtegemea kijana wa mkokoteni ajue jiwe lipi litoke kwanza. Na majeruhi walipofikishwa hospitali kwa wingi ilibidi wapangwe kwa uzito wa hali zao, ambalo ni jina la heshima la jambo la kutisha: mtu mmoja anaamua nani aangaliwe sasa na nani angoje, akijua kwamba kungoja kwaweza kuwa kufa.

Katika siku kama hizo Kanisa huwaombea marehemu, majeruhi na viongozi. Aliyechagua ni nadra kuombewa kwa jina la kazi hiyo. Akija kwa mchungaji, mara nyingi anapewa mojawapo ya masimulizi mawili tuliyoyataja: ama wewe ni shujaa, ama Mungu ndiye aliyeamua, wewe ulikuwa chombo tu. La kwanza si kweli, naye anajua. La pili linamnyang'anya hata haki ya kulia, kwa sababu chombo hakilii. Theolojia ya msalaba ingemruhusu aseme kwamba alifanya lililo sahihi na bado mtu amekufa, bila kulazimishwa kupata somo ndani yake. Mafundisho yetu ya wito yalikwisha kusema kwamba Mungu hufanya kazi amejificha nyuma ya kazi za watu. Hayakusema kwamba watu hao hawachoki.

Je, daktari wa namna hiyo amekua? Kwa kipimo cha kitabu cha 1947 ni vigumu kujua. Hana sura ya kumi, na kesho yake asubuhi alikuwa tena zamu. Kwa kipimo cha kitabu cha 1977 tungetazama kama, anaposimulia siku ile, neno "sisi" linawafikia wauguzi wa usiku, dereva wa gari la wagonjwa, na yule kijana wa mkokoteni ambaye jina lake halikuandikwa popote. Na mchungaji anayemtembelea juma lile asianze kwa kumwuliza Mungu amemfundisha nini. Amwulize kama amekula, na ni nani aliyemwacha wodini.